Hadithi Fupi Si Chakula cha Mwenye Haraka

Nina rafiki wa miaka mingi, wakili, ambaye kila tukikutana kwa chai lazima aniambie jambo lile lile. "Riwaya niliacha. Siku hizi nasoma hadithi fupi tu, muda hakuna." Hulisema kwa sauti ya mtu aliyeacha nyama akahamia mboga kwa amri ya daktari: si kwamba anapenda, ila afanyeje. Nami huwa nakoroga chai yangu na kunyamaza kwa heshima ya urafiki. Leo sinyamazi.

Sinyamazi kwa sababu hoja yake imeenea. Ndiyo inayotolewa na karibu kila anayejitolea kuitetea hadithi fupi katika mji huu. Nairobi ni mbio, wanasema. Watu wanaamka saa kumi alfajiri na kurudi saa tatu usiku, basi mpe msomaji kitu kidogo akimalize kati ya steji na ofisi. Utetezi wa namna hii unamtukana anayetetewa. Ni kumsifu mpishi wa biriani kwa kuwa sahani zake ni ndogo na zinaosheka upesi.

Tena hata kwa hesabu si kweli. Chukua diwani ya hadithi 12, kila moja kurasa 10. Weka kando yake riwaya ya kurasa 120. Kwa rula ni sawasawa. Lakini riwaya inakudai mwanzo mmoja tu. Ukishajua nani ni mke wa nani na kwa nini lile shamba lina kesi, umekuwa mtu wa nyumbani: umetandikiwa mkeka, unajua maji yako wapi, unaweza hata kusinzia aya mbili tatu ukaamka usikose kitu. Diwani inakubishisha hodi mara 12. Kila mara ni watu wapya, mtaa mpya, kesi mpya. Na hodi zenyewe haziitikiwi karibu. Unasimama kizingitini, mlango umeachwa wazi kiasi cha kuona nusu ya sebule. Mtu amekaa, mwingine anatoka huku akifuta macho, na kabla hujauliza kuna nini, mlango umefungwa. Mtu aliyechoka, anayetaka kitabu cha kupumzishia akili, namshauri achukue riwaya nene yenye mapenzi na mashamba. Hadithi fupi itamtesa.

Raha yake basi iko wapi? Nitaeleza kwa kitabu kisicho na jalada.

Nilikinunua kando ya barabara ya Tom Mboya, kwa mmoja wa wale wanaotandika vitabu kwenye turubai chini, hata ukitaka kusoma mgongo wa kitabu sharti uiname kama unayetafuta sarafu. Hakikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo hazikuwako. Kilianzia ukurasa wa 17, katikati ya sentensi. Upande wa mwisho nao ulikuwa umeng'oka. Jina la kitabu silijui, la mwandishi silijui. Muuzaji alisema mia. Nikamwonyesha kidole pale jalada lilipostahili kuwa, tukaelewana kwa hamsini.

(Hapo kwenyewe pana hoja ambayo sijaona mhakiki akiitaja. Riwaya iliyong'oka kurasa 20 za mwisho ni hasara tupu, ni afadhali ufungie maandazi. Diwani iliyong'oka kurasa 20 inakupotezea hadithi mbili tu. Nyingine zote zimesalia nzima, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake. Kwa sisi tunaonunua vitabu vilivyokwisha kuwa na wenyewe watatu, si jambo dogo.)

Jioni hiyo nilipanda matatu ya Rongai pale Railways. Ilikuwa nganya ya kweli, muziki mpaka kwenye meno, taa za zambarau zikipita juu ya ukurasa kila sekunde mbili. Mpaka tunaufikia mzunguko wa uwanja wa Nyayo nilikuwa nimesoma kurasa tatu za hadithi ya mama mmoja muuza mandazi. Kijana wake ametoka asubuhi kwenda kuulizia kitambulisho. Mama anakanda unga, anakaanga, anauza, na kila jioni anaweka mandazi mawili kwenye kisahani na kuyafunika kwa kingine. Basi. Hicho ndicho kisa.

Nikataka kufungua ukurasa. Mkono ukanizuia.

"Kijana, ngoja. Sijafika huko chini."

Alikuwa mama wa makamo, kikapu mapajani, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Sikujua kwamba tulikuwa tunasoma wawili.

"Samahani, mama."

"Wewe unasoma kama mtu anafukuzwa." Akamaliza, akanitikisia kichwa, nikafungua.

Tulikwenda hivyo hadi Wilson, mimi nikifika mwisho wa ukurasa na kungoja ruhusa. Kwenye ukurasa wa mwisho mteja anaingia, anatoa shilingi kumi, anachukua andazi moja, anatoka. Mama anafunika kisahani chake. Na neno la mwisho la hadithi, peke yake kwenye mstari: "Hajarudi."

Nilikuwa nimeanza kukifunga kitabu. "Umeona hiyo bei?" akaniuliza.

"Bei gani?"

"Ya mandazi. Rudi nyuma." Nikarudi. "Nyuma zaidi. Pale mwanzo. Si umeona? Mandazi mawili kwa shilingi. Hapa mwisho moja ni kumi." Akavua miwani. "Mawili kwa shilingi, hiyo Moi alikuwa bado mgeni kwa kiti. Huyu mama amengoja miaka thelathini."

Nilipekua kurasa zote tisa mbele yake. Hakuna mahali palipoandikwa "miaka". Hakuna "baada ya muda mrefu", hakuna mvi, hakuna kalenda ukutani. Mwandishi alipitisha miaka 30 ndani ya beseni la mandazi, na mimi, niliyewahi kulipwa mshahara kwa kufundisha fasihi, nilikuwa nimesoma nikidhani ni wiki moja.

Alishuka Bomas, anabadilisha gari la Karen. Mlangoni aligeuka. "Kwa hivyo hakurudi," akasema, nusu akiniuliza. Makanga alikuwa anapiga bodi, gari linataka kutoka. Nikamjibu kwa sauti juu ya muziki: "Wameandika hajarudi." Akasimama kidogo na kikapu chake, akarudia neno hilo polepole, akaenda zake.

Tuliganda kwenye msongamano wa Magadi Road karibu saa nzima, na saa hiyo yote sikusoma hadithi nyingine. Nilikuwa natafuna neno moja. Tuna njia mbili za kusema kwamba mtu tunayemngoja hayupo. "Hakurudi" ni mlango uliofungwa na kutiwa kufuli. Msemaji amekwisha kupiga hesabu na kukubali. "Hajarudi" anaisema mtu ambaye bado anatega sikio. Sarufi itakwambia kwamba -ja- huonyesha tendo lisilotimia hadi sasa, na ni sahihi, lakini sarufi haitakwambia kwamba ndani ya silabi hiyo kuna chakula kilichofunikwa na taa ambayo mtu amekataa kuizima. Kwa kurasa tisa msimulizi alikuwa akisema mambo yaliyopita: alikanda, alikaanga, alifunika. Kwenye neno la mwisho akaruka hadi leo. Yule mama bado anangoja, sasa hivi, nami nikiwa kwenye matatu iliyoganda. Ningesoma "hakurudi" ningesikitika nikalala. Kwa "hajarudi" sikulala vizuri.

Hapo ndipo ninapotaka kumfikisha wakili wangu. Raha ya hadithi fupi ni kwamba inakuruhusu kurudi. Riwaya ya kurasa 400 huisomi tena kesho yake hata uipende namna gani. Ukiwa mwaminifu utairudia mara moja katika miaka kumi, na kufikia hapo umeisahau. Hadithi ya kurasa tisa unaimaliza na bado mwanzo wake uko kichwani, umoto, kama sufuria ambayo haijashuka jikoni. Unaweza kuishika yote kwa mkono mmoja na kuigeuza. Ukiisoma mara ya pili, ile bei ya mandazi iliyopita bila kelele mara ya kwanza inakugutusha kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Maneno ni yale yale lakini hadithi imegeuka. Ndiyo maana nasema si chakula cha mwenye haraka: msomaji wa haraka anaisoma mara moja, anaondoka akiwa amekula nusu, kisha anasema imemtosha.

Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1842 akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne, alishikilia kwamba nguvu ya hadithi inatokana na kusomeka kwa kikao kimoja, tangu nusu saa hadi saa mbili, shughuli za dunia zisipate mwanya wa kuingilia. Ni wazi hakuwahi kupanda nganya. Hapa kwetu shughuli za dunia ndizo zinazoketi dirishani. Lakini nusu ya hoja yake naichukua, ile ya kwamba kitu kinachoshikika chote kwa mara moja hufanya kazi tofauti na kile kinacholiwa vipande vipande. Nusu nyingine, kwamba kikao kimoja kinatosha, namrudishia.

Watoto wanalijua hili bila kufundishwa. Mtoto hakuombi ngano mpya. Anaomba ile ya jana, na ya juzi. Anaitikia "pakawa" kabla hujamaliza kusema "paukwa", anajua sungura atafanya nini kisimani, anajua fisi atajuta. Na ukithubutu kuruka kipande kwa sababu umechoka, anakusimamisha: "Si hivyo! Kwanza aliimba." Kama raha ya hadithi ingekuwa ni kutaka kujua mwisho, mtoto angechoka siku ya pili. Sisi watu wazima ndio tuliodanganywa kwamba ukishajua mwisho kitabu kimekwisha, na tukaanza kugombana na wanaotuambia mwisho wa filamu.

Nisieleweke vibaya: ngano na hadithi fupi si pacha. Ngano hujifunga yenyewe na kukupa funzo mkononi kama chenji. Hadithi fupi ya kisasa aghalabu hainywi chai na wewe baada ya kazi. Inamaliza na kuondoka, chenji utajitafutia. Kilichorithiwa ni ile hamu ya "tena".

Ndiyo maana pia nina kipimo kimoja tu cha hadithi mbaya, nacho ni neno "kumbe". Nimewahi kuombwa kupitia hadithi za vijana wanaoanza kuandika, na nyingine nyingi hunifikia kwa WhatsApp zikiwa zimetumwa na kutumwa tena mpaka jina la mwandishi limekatika. Nusu yake zina mwisho mmoja. Kumbe ilikuwa ndoto. Kumbe yule binti wa Lang'ata aliyeomba lifti usiku alikufa mwaka juzi, kaburi lake hili hapa na koti lako juu yake. Kumbe mpangaji wa juu ndiye baba yake. Mara ya kwanza nywele zinasimama, nakubali. Mara ya pili hakuna kitu. Umeshajua siri na siri ndiyo iliyokuwa mzigo wote. Mwandishi wa kumbe anakuficha jambo ili akushtue. Mwandishi wa mandazi hakuficha chochote. Bei ilikuwa hapo, imeandikwa kwa wino, ikisubiri mtu anayejua bei ya vitu.

Sasa shule, maana huwezi kuzungumzia hadithi fupi Kenya ukaikwepa. Kwa mfumo wa 8-4-4 Kiswahili ni somo la lazima hadi Kidato cha Nne, na diwani ya hadithi fupi imekuwa sehemu ya vitabu teule vya fasihi kwa miaka mingi. Mwaka 2023 pekee waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, walikaribia 900,000. Yaani serikali huwatia maelfu kwa maelfu ya vijana hadithi fupi mikononi kila mwaka, jambo ambalo wachapishaji wa kwingineko wangeliota tu. Wengi wao, wakishatoka kwenye karatasi ya 102/3, ile ya fasihi, hawashiki nyingine hadi wanazikwa.

Hata majina ya vitabu yenyewe yana sare. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine. Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Huwa nawaonea huruma hao "nyingine", wamesimama nyuma ya mkubwa wao kama wanafunzi kwenye foleni ya githeri.

Nilifundisha Kiswahili miaka sita katika shule moja ya Eastlands ambayo haina haja ya kutajwa, kwa kuwa kosa nitakalolisema ni langu. Tulisoma hadithi kwa ajili ya dondoo. Maneno haya yanasemwa na nani, akimwambia nani, wakiwa wapi, kwa nini: alama 4, moja kwa kila jibu. Kisha sifa za mhusika, kisha maudhui, kisha mbinu za uandishi. Wanafunzi wenye pesa kidogo walikwenda River Road wakanunua mwongozo, ambamo hadithi ya kurasa kumi imefupishwa kwa kurasa mbili. Jaribu kufikiria kitu hicho: ufupisho wa hadithi fupi. Ni kama kukamua juisi ya juisi.

Kulikuwa na msichana wa Kidato cha Tatu, mkimya, wa dawati la nyuma. Tulikuwa na hadithi inayosimuliwa na mke ambaye mumewe yuko safarini kikazi. Niliuliza kwenye mtihani sifa za msimulizi. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulikuwa na: mvumilivu, mwaminifu, mwenye bidii, na kadhalika. Msichana huyu akaandika kwamba msimulizi ni mwongo. Akaandika kwamba mume amekufa, mke anajua, ila hataki kusema, na kwamba ushahidi ni makoti. Nikapiga mkasi mwekundu, sufuri, pembeni nikaandika "soma tena kitabu".

Miaka ilipita, nikaacha ualimu, nikahama nyumba. Nikifungua makatoni nikakutana na kile kitabu, nikakaa juu ya katoni nikasoma ile hadithi kwa raha zangu, bila mtihani mbele. Katika kila sehemu yake kuna koti linaondoka. La kwanza anapewa shemeji kwa kuwa mvua inanyesha. La pili linakatwa likawa la mtoto. La tatu, lile la kuendea kanisani, linauzwa, na msimulizi anataja bei yake kisha anahamia kwenye habari za kuku. Mtu hauzi makoti ya mume aliyeko safarini. Msichana alikuwa ameliona, na mwalimu wake alikuwa amemwambia asome tena.

Lakini kuna jambo la kuitendea haki ile karatasi. Bila yenyewe nisingeirudia hadithi yoyote. Ni mtihani ulioniketisha, nikiwa mwanafunzi na baadaye nikiwa mwalimu, nikasoma kurasa zile zile mara ya nne na ya tano, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelifanya kwa hiari akiwa na miaka 17. Njia ilikuwa sahihi, ila tulitumwa kutafuta vitu vibaya. Tuliambiwa tuvue tashbihi tuziweke kwenye kikapu, samaki wakubwa wakipita chini ya mtumbwi.

Chukua hiyo "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed ambayo waliosoma sekondari karibuni wanaijua. Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago huko Madongoporomoka, linaagiza chakula chote, linakimaliza, halishibi, na linaahidi kurudi kesho. Darasani swali lilikuwa jitu linaashiria nini, alama 2, na jibu lilikuwa tayari ubaoni: matajiri wanaonyakua ardhi ya wanyonge. Tukaandika, tukaenda kula. Tulikosa kile hadithi inachofanya kwenye meza yenyewe. Mara ya kwanza unacheka. Ulafi ni kichekesho tangu ngano za fisi, na mlo unasimuliwa kwa raha mpaka mate yanakujaa. Ukirudi ukiwa unajua linachokiwinda jitu, kila sahani inayofutwa ni ploti ya mnyonge. Kicheko chako cha kwanza kinakurudia kibaya, kwa sababu uliketi pale ukalitazama likila, ukafurahi. Anayekumbuka mabomoko ya mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga mwaka 2021, maelfu wakibaki bila paa, hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini hadithi haimweki upande wa walionyang'anywa tu. Inamweka pia mezani.

Raha kama hiyo si tamu sana, najua. Ni raha lakini.

Kinachonikera ni kwamba mji wenyewe una sifa duniani kwa kazi hii. Tuzo ya Caine, inayotolewa tangu mwaka 2000 kwa hadithi fupi za Kiafrika za maneno kati ya 3,000 na 10,000, imekuja Kenya mara tano: Binyavanga Wainaina mwaka 2002, Yvonne Adhiambo Owuor mwaka 2003, Okwiri Oduor mwaka 2014, Makena Onjerika mwaka 2018, Idza Luhumyo mwaka 2022. Zote ni za Kiingereza. Ya Kiswahili, katika mji huo huo, bado imevaa sare ya shule. Ukiingia duka la vitabu katikati ya mji ukaulizia hadithi fupi za Kiswahili, utaulizwa: "Ya form gani?" Nimeulizwa hivyo nikiwa na mvi.

Wapenzi wa riwaya watasema, na watasema kweli, kwamba kuna jambo hadithi fupi haiwezi. Haiwezi kukuzeesha na mtu. Huwezi kumchukia mhusika mwanzoni, ukamzoea, ukamkosa akifa, ndani ya kurasa tisa. Naliachia riwaya hilo bila ubishi. Ingawa Kiswahili, kama kawaida yake, kimekataa kuheshimu mipaka: Kusadikika ya Shaaban Robert ya mwaka 1951 na Nagona ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1990 huitwa riwaya na hakuna inayofika kurasa 100. Nagona unaweza kuimaliza mchana mmoja. Nimeisoma mara nne na sijaielewa, na naomba msomaji aitazame vizuri hiyo -ja- yangu.

Wiki iliyopita nilipita tena Tom Mboya. Muuzaji wangu alikuwa palepale, turubai lile lile, na kwa kuwa sasa ananijua mimi ni mnunuzi wa vitabu vyenye ulemavu, alininyooshea kimoja kisicho na mgongo wala jalada. Diwani tena. Nikakipekua: kurasa za mwisho zipo safari hii, za mwanzo hazipo. Nikamuuliza, nusu utani, jalada lake liko wapi.

"Hiyo haijakuja, boss," akasema, akitazama barabarani kana kwamba litashuka kwenye matatu inayofuata. "Chukua na thelathini."

Nikachukua.